Ukitaka kuacha umeneja uendeshe lori lako mwenyewe, anza na bei ya kilomita moja

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tafuta daftari uandike ndani yake kitu kimoja: kilomita moja ya gari unalotaka kununua itakugharimu shilingi ngapi. Usiandike safari nzima wala mwezi, andika kilomita moja tu. Ukishaipata namba hiyo utajua kama unaacha kazi kwenda kufanya biashara, au unaacha kazi kwenda kuwa dereva asiye na mshahara.

Mimi nilikuwa meneja wa ghala na usambazaji katika kampuni ya vyakula hapa Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kutafuta magari ya watu, kupatana nauli, kuhakiki mizigo na kusaini karatasi. Leo nakaa kwenye usukani wa Fuso tandamu, yaani lori la tairi kumi lenye ekseli mbili nyuma, kadi ya gari ina jina langu, na njia zangu ni Kibaigwa, Dar es Salaam, Singida, na mara nyingine Kondoa na Babati hadi Arusha. Mimi ni mwanamke na ni mama, na hilo nitaligusa mbele kwa sababu lina mambo yake barabarani. Mengine yote yanamhusu yeyote anayeitazama ofisi yake na kuanza kuwaza lori.

Hesabu yenyewe

Namba nitakazotumia ni za mfano. Weka za kwako, ila usiruke mstari hata mmoja. Tuchukue tandamu ya tairi kumi iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 60, inayotembea kilomita 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka.

Dizeli kwanza. Tuseme lita ni shilingi 3,000 na gari likiwa na mzigo linakwenda kilomita 3 kwa lita: hapo kilomita moja inakula shilingi 1,000. Likiwa tupu linakwenda kilomita 4 kwa lita: shilingi 750. Tairi kumi za shilingi 600,000 kila moja ni milioni 6, na zikidumu kilomita 60,000 ni shilingi 100 kwa kilomita. Oili na filta kwa shilingi 400,000 kila kilomita 8,000 ni shilingi 50. Akiba ya matengenezo weka 150, maana klachi, springi na pampu ya dizeli haviharibiki kwa ratiba. Bima, leseni, ukaguzi na maegesho tuseme ni milioni 4.8 kwa mwaka: shilingi 100. Utingo na posho za njiani, 400,000 kwa mwezi: shilingi 100 nyingine. Gari lenyewe nalo linachakaa. Ukilinunua milioni 60 na kuliuza milioni 36 baada ya miaka mitano, umepoteza milioni 24 katika kilomita 240,000, na hiyo ni shilingi 100 kwa kila kilomita uliyotembea.

Halafu kuna mstari ambao wengi huuruka: mshahara wa dereva. Dereva ni wewe, lakini lazima alipwe. Tuseme 800,000 kwa mwezi: shilingi 200.

Jumlisha. Bila dizeli umefika shilingi 800. Kilomita yenye mzigo ni 1,800, na kilomita tupu ni 1,550. Angalia vizuri tofauti hiyo ilivyo ndogo. Gari tupu linakula karibu sawa na gari lililopakia, ila halikuletei kitu.

Sasa tupeleke mahindi Dar. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 450. Kwenda na mzigo ni shilingi 810,000, na kurudi tupu ni 697,500. Safari imekugharimu 1,507,500. Ukiwa umepakia tani 15 kwa nauli ya shilingi 70 kwa kilo, umepokea 1,050,000. Mkononi utaziona hizo fedha zote, utaweka dizeli, utafika nyumbani na chenji nzuri, na utasema safari imelipa. Haikulipa. Umekula tairi, umekula injini, umekula mshahara wako, jumla 457,500, na hasara hiyo hutaiona mpaka siku utakayotakiwa kununua tairi sita kwa mpigo.

Sasa irudie safari ileile kwa kutafuta mzigo wa kurudia, hata wa shilingi 600,000: saruji, mabati, chumvi, bidhaa za maduka. Mapato yanakuwa 1,650,000 na gharama 1,620,000. Umelipa kila kitu, umejilipa mshahara, umeweka akiba, na imebaki 30,000 ya faida. Ni ndogo, lakini ni faida ya kweli. Ndiyo maana nasema biashara ya lori moja inaamuliwa na mzigo wa kurudi. Mzigo wa kwenda kila mtu anaupata.

Bei za mafuta hubadilika. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei za Dodoma hazilingani na za Dar. Jioni ya siku hiyo mimi hufungua daftari na kubadilisha mstari wa dizeli, na asubuhi yake nikipatana nauli napatana kwa namba mpya. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye lori hupotea haraka kuliko dukani.

Fedha za gari na fedha zako zisikae pamoja. Fungua akaunti ya gari na laini ya simu ya gari. Nauli yote iingie huko, kisha mwisho wa mwezi gari likulipe mshahara kama lingemlipa dereva wa kuajiriwa. Hapa umeneja unasaidia sana. Aliyezoea bajeti na stakabadhi ana nguvu ambayo madereva wazuri kuliko sisi wengi wao hawana.

Kutoka kazini

Usiache kazi ukiwa na mkopo wa mshahara. Najua unavutia, kwa sababu ukiwa na hati ya mshahara benki inakupa haraka, na unaona ndio mtaji wenyewe. Lakini mkopo ule umepangwa ukatwe kwenye mshahara ambao wewe unakwenda kuukata. Lori lina mwezi wa kulala gereji, na marejesho hayajui gereji. Kama huna budi kukopa, kopa sehemu tu ya bei ya gari, na baki na fedha za kufungua injini nzima bila kuomba mtu.

Usiingize michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kwenye hesabu ya mtaji. Ukiacha kazi kwa hiari yako, fao la kukosa ajira halikuhusu. Michango yako ipo, haipotei, ila si ya kununulia gari leo. Uliza pia namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari, kwa sababu uzee wa dereva unakuja na mgongo.

Kwa mshahara wa mwezi katika sekta binafsi, sheria ya kazi inataka taarifa ya siku 28 ukishapita mwezi wa kwanza kazini. Soma na mkataba wako, huenda umeweka zaidi. Dai malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Kadi ya bima ya afya ya mwajiri itakoma pamoja na kazi, kwa hiyo panga ya familia mapema. Mimi na mume wangu tulikaa na watoto na mama mkwe tukaongea mpaka tukamaliza: nani atabaki na watoto nikilala Dar, ada italipwa kutoka wapi gari likiharibika. Kikao hicho usikiruke. Na ondoka kwa heshima, kwa sababu ofisi unayoiacha inaweza kuwa ndiyo inayokupa mzigo wa kwanza.

Kitu kimoja zaidi kabla ya barua: chukua likizo yako ya mwaka, tafuta dereva mwenye gari kama unalolitaka, na panda naye akienda na akirudi. Lala anapolala, kula anapokula, simama naye kwenye foleni ya kushusha. Nunua chakula chake na mlipe muda wake. Utajifunza mambo ambayo hayaandikiki.

Gari gani

Anayeanza peke yake kanda hii ya kati, mimi namwambia tandamu. Semi ni gari zuri, na la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 ukijumlisha na uzito wake lenyewe, lakini linataka kichwa, tela, tairi zaidi ya ishirini, na mzigo wa makampuni makubwa yanayolipa baada ya mwezi au miezi miwili. Wewe huwezi kuweka dizeli kwa ankara. Kenta, lori dogo, nayo ni nyepesi mno kwa safari ndefu, hesabu ya kilomita inaikataa. Tandamu inaingia sokoni Kibaigwa, inafika vijijini Kiteto wakati wa kiangazi, na vipuri vyake vinapatikana kila mji wa njia hii.

Unapokwenda kuangalia gari lililotumika, fika asubuhi na mapema, na mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Iwashe baridi, angalia moshi, kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kwa nguvu na kurusha moshi, pistoni na ringi zimechoka. Ingia chini ya gari na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Tazama chesesi kama imechomelewa, hasa karibu na springi za nyuma, kwa sababu ndipo uzito uliozidi kwa miaka huacha alama. Sikiliza difu na gia boksi gari likiwa mwendoni. Jaza upepo wa breki, zima injini, subiri, uone kama mshale unashuka.

Kadi isomwe kama mkataba. Kama ina jina la benki, gari hilo lina deni mpaka barua ya benki iseme vinginevyo. Linganisha namba ya chesesi na ya injini kwa macho yako. Angalia kama linadaiwa faini za barabarani. Andikishianeni mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja, kabla ya mzigo wa kwanza.

Leseni na karatasi

Leseni ya udereva unayohitaji kwa gari hili ni daraja E. Hata kama umeendesha gari dogo miaka yote, nenda darasani, VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ujifunze gari kubwa kwa mpangilio. Leseni ya kusafirisha mizigo inatolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Utahitaji TIN (namba ya mlipa kodi) ya biashara, ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na bima. Chukua bima kubwa. Ndogo inamlipa uliyemgonga, na wewe mwenye gari moja tu unabaki na chuma. Ukibeba bidhaa za viwandani, mwenye mzigo atauliza pia bima ya mzigo. Kwa mazao, usitoke sokoni bila stakabadhi ya ushuru wa halmashauri. Mbao na mkaa vina vibali vya misitu na haviruhusiwi kusafiri usiku. Mimi sivibebi.

Mizani na lumbesa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza gari.

Uzito unaoruhusiwa barabarani unatokana na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Ekseli ya mbele yenye tairi mbili: tani 8. Ekseli mbili za nyuma zilizofuatana, zenye tairi nane: tani 18. Kwa hiyo tandamu nzima, pamoja na mzigo, ni tani 26. Gari langu likiwa na bodi, turubai, tairi la akiba na tangi lililojaa linapima kama tani 10. Imebaki 16, na mimi napakia 15. Tani moja ile naiacha kwa makusudi, kwa sababu mizani haipimi jumla tu, inapima kila kundi la ekseli. Unaweza kuwa ndani ya tani 26 na bado nyuma umezidi kwa sababu vijana wamerundika magunia mkiani.

Sasa gunia. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Magunia 150 ni tani 15, safi kabisa. Lakini mazao yakija kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, gunia lina kilo 120, 130. Utahesabu 150 ileile, kichwani utaona tani 15, na kumbe umebeba tani 19 na nusu. Gari na mzigo ni 29.5. Ukifika kwenye mizani ya Mikese au Vigwaza umezidi tani 3 na nusu. Kilichozidi kitashushwa pale pale, faini yake katika sheria imeandikwa kwa dola, na anayedaiwa ni mwenye gari. Mwenye mzigo atakuwa Manzese anakupigia simu kukuuliza mbona unachelewa.

Kwa hiyo usipatane kwa gunia, patana kwa kilo. Pima magunia machache mbele ya mwenye mzigo kabla ya kupakia. Yakizidi, idadi ipungue. Akikataa, mzigo huo si wako. Baada ya kupakia, pitisha gari kwenye mizani ya kulipia kabla hujaingia barabara kuu. Fedha yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kushusha mahindi kando ya lami. Lumbesa pia inamwibia mkulima wa Kongwa na Kiteto aliyeshinda juani, na mimi sitaki gari langu liwe sehemu ya wizi huo.

Mzigo, dalali na msimu

Dalali si adui. Anakaa sokoni mchana kutwa na anajua nani ana mzigo. Ila maneno yote yaishe kabla turubai halijafungwa. Utamsikia: "Dada, mzigo wa haraka huu, pakia tu, tutaelewana mbele." Mjibu kwa upole: "Hapana kaka, tuelewane hapa hapa." Nauli kwa kilo, kamisheni yake inatoka wapi, nani analipa wapakiaji na washushaji, na gari likikaa siku ya pili bila kushushwa linalipwa shilingi ngapi. Nusu ya nauli upokee ukishapakia, nusu ukimaliza kushusha. Andikeni karatasi mbili zenye sahihi, moja ibaki kwako, ionyeshe idadi na uzito.

Mzigo wa kurudi uutafute kabla hujaondoka Dodoma. Mimi hupiga simu kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi siku mbili kabla: "Naingia Dar Alhamisi, nina nafasi ya tani 15 kurudi, una oda?" Waliokuwa wananifahamu nikiwa meneja walinipa mizigo kwa sababu walijua nafika saa niliyosema. Tafuta wateja watatu au wanne wa namna hiyo uwatunze, hata kama mmoja analipa pungufu kidogo ya bei ya sokoni.

Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mazao yanaanza kutoka Mei, alizeti na mahindi, na kilele cha kazi kinakwenda mpaka Oktoba. Novemba kuna mbolea na mbegu. Mvua zikikolea barabara za udongo za Kiteto hazipitiki, na ndipo gari lipumzike gereji kwa kazi kubwa: breki, springi, kupaka bodi rangi. Akiba ya miezi hiyo iwekwe Julai, nauli zikiwa juu.

Watu wananiuliza kuhusu treni ya SGR, iliyoanza kubeba mizigo kuja Dodoma mwaka 2025. Naamini itachukua makontena mengi ya Dar, na ni sawa. Ndiyo sababu sijengi biashara yangu juu ya makontena. Mahindi yanaanzia shambani Kibaya, saruji inaishia mlangoni kwa fundi wa Mvumi, na huko reli haifiki.

Barabarani

Sheria ya gari zito ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Na vijiji vya njia hii havina mwisho. Kwenye miteremko ya Gairo, Saranda, au Sekenke ukielekea Igunga, shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ingiza gia hiyo ukiwa bado juu, kabla ya mteremko. Breki za upepo zikishapata moto katikati ya mlima huwa hakuna tena la kufanya. Kila asubuhi toa maji kwenye matangi ya upepo, gonga tairi zote, kaza nati, angalia oili. Utingo afanye nawe, asifanye peke yake.

Mimi siendeshi baada ya saa mbili usiku. Hata mwenye mzigo akiongeza fedha, siendeshi. Nauli ya usiku mmoja hailingani na gari moja ulilo nalo, wala na maisha ya watu wanaotembea pembeni bila taa.

Kwa wanawake wenzangu: chagua mapema vituo vyako vya kulala na uwe mteja wa kudumu hapo. Gesti yenye geti na uwanja wa gari, mwenye nyumba anayekujua kwa sura, choo kinachofungika. Uliza mama ntilie wa eneo hilo, wao wanajua pa kulala na pasipolalika kuliko mtu yeyote. Utingo achaguliwe kwa tabia kwanza, nguvu baadaye, na familia yake uifahamu. Wangu hulala ndani ya gari, tangi la dizeli lina kufuli, na funguo za gari nalala nazo. Beba maji ya kutosha na uyanywe, usijinyime kwa kuogopa kutafuta choo, maana figo ni zako. Watakaokuita mama, dada, au bosi, waitikie wote vizuri. Atakayekataa kukupakia kwa sababu wewe ni mwanamke, muage na upige simu kwa mteja anayefuata kwenye orodha yako.